Yahusu Wimbo wa Baba Kutakiwa Uimbwe kwa Lugha Isiyo Yake

Kambi ya Machimbo ya Mawe,
Sohar, Oman.

Kwa Dada yangu Kabula Maduhu,
Mhunze, Kishapu.

Dada, shikamoo.

Kwa heshima yote unayostahili, wewe uliye mkubwa wetu tangu Baba alipotutoka, nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ingawa moyo umechafuka kwa sababu nitakazozieleza. Naomba kujua hali yako, hali ya Mama na goti lake, na kama mvua imewafikia. Mara ya mwisho tulipozungumza kwa simu nilisikia neno "pamba" kisha mtandao ukakatika, na hadi leo sijui kama pamba imeota au imekauka. Ndiyo maana safari hii nimechagua kalamu. Barua hii anaileta mwenzangu wa Kahama anayekuja likizo, naye ameahidi kukukabidhi mkononi.

Madhumuni ya barua hii ni kuomba uamuzi wako juu ya wimbo wa Baba wa kulimia, ule wa kuwaita wakulima kwa majina, ambao viongozi wetu wa huku wanataka niuimbe mbele ya mataifa kwa maneno ya lugha nyingine.

Kama unavyofahamu, tangu mgodi wa Buzwagi uliposimamisha uchimbaji nami nikapoteza usukani wa lile lori kubwa, nimekuwa huku nikiendesha mtambo wa kuchimbua mawe. Joto lake sitalieleza kwa urefu. Itoshe kusema kwamba saa mbili za asubuhi chuma hakishikiki bila glavu. Tumechanganyika watu wa mataifa mengi: Wanepali, Wafilipino, Wahindi, Waganda na sisi. Mwaka huu wafanyakazi wa ukanda mzima wa viwanda wameandaliwa shindano la nyimbo, kila taifa likitoa mwimbaji mmoja. Kanuni zake ninazo. Kanuni ya nne nimeisoma mara tatu kwa msaada wa kamusi, nayo inasema bila kificho kwamba mshindani ataimba kwa lugha yoyote aipendayo.

Kamati ya Watanzania iliniteua mimi. Mwenyekiti wake ni Bwana Shija, Msukuma mwenzetu aliyekulia Ushirombo na baadaye akawa dalali wa dhahabu huko Geita. Alinisikia siku gari la maji liliponasa mchangani, nikawaongoza wenzangu kulisukuma kwa wimbo wa Baba. Akasema, "Masanja, hicho ndicho kitu! Hicho ndicho kitatubeba." Nilimwamini.

Sasa Dada, kabla sijamlaumu mtu, yanipasa nieleze kosa nililolitenda mwenyewe katika raundi ya kwanza, ili usilisikie kwa mwingine likiwa limeongezwa chumvi. Ukumbi ulijaa watu waliokaa kwenye viti. Kabla yangu aliitwa mwimbaji wa Wafilipino, dada mmoja anayeitwa Luz, mshonaji wa sare. Alipoanza kuimba, mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa jukwaa na beleshi langu, maana jembe la kwetu halipatikani katika mji huu. Wewe unajua tulivyolelewa. Manju mmoja akianza, manju mwenziwe naye anaanza papo hapo, wanakabiliana, na watu wanahama kwa miguu yao kumfuata aliyewavuta. Atakayekaa kimya wakati mpinzani anaimba, huyo ameshashindwa. Kwa hiyo nilipoona dada yule amefika ubeti wa pili na mimi bado nimenyamaza, damu ilinisukuma. Niligonga beleshi kwa nondo na kuanza kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Hakuna aliyehama. Walikaa vilevile kwenye viti vyao, midomo wazi. Dada wa watu alinyamaza, na askari wawili wa mlangoni walinishika mikono na kunitoa nje.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Siku iliyofuata niliandika barua mbili za kuomba radhi, moja kwa waamuzi na nyingine kwa Luz, na ya Luz nilimpelekea mwenyewe chumba cha cherehani. Aliisoma, akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Akasema kwa ile lugha yetu ya kambini ya kuchanganya, "Kaka, mimi nilidhani moto umewaka! Nilikuwa natafuta mlango!" Nilipomweleza desturi yetu alifikiri kidogo, akaniambia, "Kwetu tungekupiga na kiatu. Lakini nyinyi watu wa huko mna ujasiri." Akanisamehe, tena akawaandikia waamuzi kwamba hana kinyongo. Nikaruhusiwa kurudia.

Niliporudia, nikiwa peke yangu jukwaani kama mtu aliyekosa mpinzani, niliimba kwa Kisukuma mwanzo hadi mwisho. Nilipofika pale Baba anapoita jina na mkulima anajibu kwa kushusha jembe, nikaita jina la Mnepali ninayefanya naye kazi, Bahadur, aliyeketi safu ya tatu. Dada, alisimama! Akapiga sakafu kwa kiatu na kunguruma kama aliyezaliwa Kishapu. Nikamwita wa pili, naye akajibu. Walipomaliza Wanepali wakadakia Waganda. Hawakujua neno hata moja, lakini walijua wameitwa. Nilivuka kwenda fainali itakayofanyika Muscat.

Hapo ndipo fedheha ilipoanza. Kamati iliniita kikaoni. Nilidhani ni kunipongeza.

"Masanja," alisema Mwenyekiti, "umefanya vizuri. Lakini Muscat si mnadani Mhunze. Kutakuwa na runinga. Ukiimba kilugha, nani atakuelewa?"

"Wanepali wamenielewa, Mwenyekiti."

"Wanepali wameelewa beleshi!"

Kikao kilicheka. Sikucheka. Mwenyekiti akaendelea kwamba Waomani wengi wanakijua Kiswahili, kwamba nikiimba Kiswahili kura zao ni zetu, na kwamba Kisukuma kitatuonyesha kama watu tuliotoka porini jana. Bi. Rehema, mpishi mkuu wetu, mwanamke wa Kahama mjini ambaye nyumbani kwao kinasemwa Kiswahili tangu kwa bibi yake, ndiye aliyeinua mkono.

"Mwenyekiti, mwimbaji wa Wanepali ameimba Kinepali, na Luz ameimba cha kwao. Mbona hakuna aliyewauliza wametoka pori gani?"

"Bi. Rehema, wewe shughulika na pilau."

"Pilau unalila kila Ijumaa hujaniuliza limepikwa kwa lugha gani!"

Nilisimama nikaomba nafasi, nikasema hivi, na naomba maneno yangu uyapime: "Mheshimiwa Mwenyekiti, Kiswahili nakiheshimu kuliko wengi waliomo humu. Nimejifunza kukiandika peke yangu, kwa kibatari, baada ya kuachishwa shule darasa la tano. Barua zote za kambi hii naziandika mimi. Lakini Baba yangu hakulima kwa Kiswahili. Wimbo huu ulitungwa katika udongo mweusi wa mbuga, na kila neno lake lina uzito wa jembe linaloshuka. Ukilibadilisha neno, jembe linakosa mahali pa kutua."

Bwana Shija akatoa karatasi mfukoni. Kumbe alikwisha kuandikisha maneno mapya! Akayasoma kwa sauti: tulime kwa umoja, tulijenge taifa, kwa upendo na amani. Dada, pale ambapo Baba anamwambia mvivu kwamba amelala mpaka jua limempiga makalioni, na sasa aje ale vumbi letu, pameandikwa "ndugu zetu wote karibuni". Nililazimika kuuliza mbele ya kikao kizima, kwa adabu, makalio yamekwenda wapi.

"Hayo si maneno ya kimataifa," akanijibu.

Huo wimbo si wa kuwakaribisha watu! Ni wa kuwachoma wavivu! Mzee wetu aliwaamsha kwa wimbo ule watu ambao hata njaa haikuwaamsha, nao walikuja shambani wakicheka na wakitukana, wakalima hadi mpaka wa shamba. Leo dalali wa dhahabu aupeleke Muscat ukiwa umevalishwa suruali ya ofisini.

Baada ya kikao alinivuta pembeni. Akaniambia kwa Kisukuma, tena kile kizuri cha wazee, "Ng'wanawane, mwanangu, usinitie aibu mbele ya wakubwa." Sikuwahi kumsikia akikisema tangu nifike huku. Alikikumbuka Kisukuma kwa ajili ya kunisihi nikiache. Nilipokataa, alinigeuzia maneno na kusema, "Unajisumbua bure. Nimempigia dada yako. Ameshakubali. Amesema, imbeni tu." Kisha akanipa hadi mwisho wa mwezi. Nikishikilia msimamo wangu, nafasi atapewa mwimbaji mwingine atakayeimba wimbo wa redioni.

Sijalala vizuri tangu nilipoambiwa hivyo. Sitaki kuamini kwamba ulikubali wimbo ubadilishwe. Inawezekana alikuuliza kama tuimbe, nawe ukasema imbeni, na ya kubadilisha hakuyataja. Inawezekana pia aliyataja na ukakubali kwa sababu zako. Sina haki ya kukuhukumu, kwa maana hapa yanipasa nikiri jambo. Baba alipokuwa amelala kwa ugonjwa wake wa mwisho, aliwaita wanakikundi wake wa kulima, na mbele yao akakukabidhi wewe nyimbo zake. Hakunikabidhi mimi, ingawa mimi ndiye mwanawe wa kiume. Alisema, "Anayezitaka aanzie kwa Kabula." Nilikasirika wakati ule, na hukuniuliza kwa nini. Leo naelewa kwamba wewe ndiwe uliyekuwa ukimwitikia shambani wakati mimi niko mgodini. Nami niliimba wimbo wake mbele ya mataifa bila kuanzia kwako. Shija amekosa, lakini njia aliyopita niliifungua mimi. Kwa hilo naomba radhi, na barua hii uihesabu kuwa ya tatu katika barua zangu za kuomba radhi mwaka huu, na iliyo nzito kuliko zote.

Nisalimie Mama na umwambie goti lifungwe kitambaa chenye joto asubuhi. Msalimie Shemeji, Baba Nkamba, na umwambie sijasahau nyavu za kuku alizoniagiza. Wasalimie wazee waliosalia wa kikundi cha Baba, hasa yule wa ng'ambo ya mto ambaye jina lake ndilo la kwanza kuitwa katika wimbo; mwambie kwamba huku Oman mahali pa jina lake nimeita la Mnepali, naye ameitikia kwa niaba yake. Bi. Rehema, ambaye hujamwona, anakuamkia. Anasema angependa kumjua mwanamke aliyeachiwa nyimbo.

Dada Kabula, naomba uamue moja kati ya haya: wimbo wa Baba uimbwe Muscat kwa Kisukuma kama ulivyo, na nikiondolewa niondolewe; au usiimbwe kabisa, nami nitajiuzulu kwa maandishi; au uimbwe kwa Kiswahili, na nikipata jibu hilo nitatii bila kunung'unika, ila maneno yake uyatunge wewe mwenyewe, si Shija wala mimi. Mwenzangu wa Kahama atarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Tafadhali mpe jibu lako kwa maandishi, na utie sahihi yako.

Wako mtiifu, mdogo wako,
Masanja Maduhu