Kata Moja ya Mtungi

Mjukuu wangu Saumu,

Kuna jambo nimelificha tangu ujana, na kwa kuwa nguvu zinaniishia, naona heri ulijue. Sisi hapa Waa hatujambo. Shangazi yako amevuna mihogo. Umeuliza kwa nini kila nikikupigia simu naanza na, "Umekunywa maji?"

Wakati wa uhuru nilikuwa mwalimu upande wa Kikoneni, na dada yangu Mwanajuma alikuwa mwanafunzi wangu. Maji ya kunywa yalikaa mtungini, na kata ya kuchotea ilikuwa moja. Siku tuliyofanya mazoezi ya gwaride la sherehe, kata haikuonekana, na hakuna aliyethubutu kutia mkono mtungini.

"Mwalimu, koo limekauka," alisema Mwanajuma.

"Askari gani huyu analia kiu?" nikamtania. Wenzake wakacheka.

Kufika adhuhuri akaanguka. Mama akasema ni pepo, shule haimtaki mwanawe. Nilijua ni jua na kiu, lakini nikanyamaza, na Mwanajuma hakurudi tena darasani.

Hata leo akinichotea maji hucheka: "Kunywa, kaka, pepo wangu wasije wakahamia kwako."

Kunywa maji yako kabla kiu haijaja, wala usingoje ruhusa ya mtu. Na ukija, msomee Mwanajuma barua hii, maana mwenyewe hawezi kuisoma. Kata haikupotea. Niliificha mimi ndani ya meza yangu, ili watoto wasivunje mistari kwenda kunywa.

Babu yako