Mgeni wa Rika Moja

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mgeni! Gari jeupe limemshusha na mabegi yake, likarudi mjini Wasso. Anaitwa Moringe. Wa kampuni ya kutafuta madini. Viatu vipya, Kimasai kizuri.

Hakuanza na habari za madini. Alimuuliza kwanza mume wangu, Baba Resiato, ni wa rika gani. Landisi. Akamshika mabega — ndugu yangu, hata mimi Landisi! Mume wangu akafurahi, akachinja kondoo hapohapo. Mtu wa rika lako humnyimi pa kulala wala humpingi mbele ya watu. Hilo kila Mmasai analijua.

Na kampuni nayo inalijua? Nilikuwa najiuliza huku nakoroga supu.

Jumanne, 4 Juni

Mkutano wa kijiji. Afisa kutoka wilayani ametusomea sera. Yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa, leseni inatoka wizarani. Sisi tuko juu tu. Ila akasema kampuni haiwezi kuchoronga mashimo kwenye malisho yetu mpaka tukubali.

Na wanataka kuchoronga wapi? Olokeri! Malisho tunayoyafunga masika yote ili ndama wapate majani kiangazi. Kiangazi ndicho hiki. Mitambo ikiingia, ndama watakula mawe?

Msimamizi wa olokeri ni Baba Resiato. Wazee wote wakamgeukia yeye. Yeye akamtazama Moringe, akasema atajibu Jumapili. Atajibu! Mtu aliyemfukuza kaka yangu mwenyewe kwa mbuzi wawili tu walioingia humo. Nimerudi nyumbani nina hasira.

Ijumaa, 7 Juni

Moringe bado yupo. Anapiga picha vilima, anaokota mawe, anayalamba. Anasifia chai yangu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu kala kondoo wetu, na tumbo linaniuma mimi.

Nimemvaa Baba Resiato zizini. Akasema, "Mama Resiato, siwezi kumwaibisha mtu wa rika langu mkutanoni. Angekuja mwingine, ningekuwa nimeshamjibu."

Ndiyo maana kampuni haikumtuma mwingine.

Jumamosi, 8 Juni

Binti yetu Resiato amefika kutoka Karatu, anakofanya kazi kwenye lodge ya watalii. Vumbi mpaka kwenye kope. Nimefurahi kumwona! Amemkuta Moringe nje, akainamisha kichwa apate salamu, kama anavyomwinamia baba yake. Binti wa mtu wa rika lako ni binti yako, unaweka kiganja kichwani pake. Moringe akampa mkono, akasema: Mambo? Nikasema moyoni, haya, ni ya mjini hayo.

Lakini jioni, penye pipa la maji, Moringe kamwomba binti yangu namba ya simu! Eti yeye ni mrembo, eti wikiendi wakale nyama Arusha. Hata mlevi wa Landisi hathubutu. Rika lote lingemshukia, na laana juu.

Kuna kingine. Resiato anasema sura hiyo aliiona mwezi uliopita dukani kwa Hasani, pale Karatu, Baba Resiato anaponunua dawa za ng'ombe. Alikuwa anamdadisi Hasani: mzee wa olokeri ni nani, ni wa rika gani. Kwa hiyo Jumatatu aliuliza jambo analolijua!

Nimwambie Baba Resiato? Atasema ni maneno ya wanawake. Na kama nimekosea, nimemsingizia mgeni aliyekula kwangu. Naogopa. Lazima aone kwa macho yake.

Jumapili, 9 Juni

Naandika jikoni, nawaona Baba Resiato na Moringe kupitia mlangoni.

Nimemtuma Resiato na chai, wote wawili wakiwa wamekaa. Nimemwambia ainame vizuri, asubiri. Akainama mbele ya Moringe. Moringe akacheka, akatoa mkono. Wa kusalimiana tena! Akasema binti yenu ni mrembo, mzee.

Mzee! Juzi ilikuwa ndugu yangu.

Baba Resiato ameweka kikombe chini. Sikumsikia akipandisha sauti.

"Huyo ni mwanao. Mbariki, ndipo twende mkutanoni."

Moringe anasema muda umekwenda, watu wanasubiri. Baba Resiato anasema watasubiri. Mwenyekiti wa kijiji anapiga honi barabarani. Moringe kanyoosha mkono, kaurudisha. Hajui uende wapi, jambo ambalo kila Landisi analijua. Sasa anatazama begani kwa mume wangu, sasa ananitazama mimi. Mimi naandika.

Honi tena. Baba Resiato kailaza fimbo magotini, wala hajainuka. Na mwanangu bado kainamisha kichwa.