Harufu ya Kiwanda Imepungua

Kwako dada yangu Nasimiyu,

Ukae chini kwanza, maana barua hii imetoka kwa mtu ambaye meli haziondoki bandarini bila yeye. Nikikohoa tu, nahodha anauliza, "Mkubwa, kuna nini?" Mimi ni mzima. Wewe je, mguu umepona? Na mahindi huko shambani Kwanza yamebeba?

Mji huu wa kaskazini ya Finland una jina lenye herufi mbilimbili kila mahali, hata padri wetu wa Misikhu angeumia ulimi. Ulianza na mbao. Zamani magogo yalikuwa yanaelea yenyewe mtoni mpaka baharini, wazungu wakajenga hapo kiwanda cha mbao, halafu bandari, halafu kiwanda cha karatasi. Vita ikauchoma, wakaujenga tena. Baridi ikija bahari inaganda. Meli moja nene inatangulia ikipasua barafu, zingine zinafuata nyuma kama ng'ombe wanaopelekwa josho. Ukitema mate, yanafika chini yakiwa kokoto. Nimetembea juu ya hiyo bahari na viatu vyangu. Petro alizama, mimi hapana.

Lakini dada, kuna jambo. Unakumbuka nikiwa Webuye, kwa kile kiwanda cha karatasi? Kabla kifungwe, ile harufu ya mayai mabovu ilipungua. Tukafurahi, wajinga sisi. Halafu mafundi wakaanza kufungua vyuma vya mashine ya pili ndio ile ya kwanza itembee. Yaliyofuata unayajua, si ulitulisha wewe?

Sasa huku harufu imepungua. Magogo yalikuwa yamejaa uwanjani kama Mlima Elgon, leo naona mpaka kanisa la upande wa pili. Juzi nimekuta mafundi wanafungua mashine ya tatu. Nikamuuliza Eero, mzee ninayepakia naye karatasi, "Wanaitengeneza?"

"Hapana. Wanatoa spea."

"Mzee, hiyo nimeiona kwetu."

"Kwenu iliishaje?"

"Nyasi iliota mpaka mlangoni."

Hakucheka. Alivaa glavu zake pole pole, akaenda.

Na hapo ndipo kijana wako Wafula ananipigia, ati shamba la Kwanza limepata mnunuzi, liuzwe alipe ajenti, aje niliko. Nikamkataza. Akanirukia mimi mjomba wake: "Khocha, wewe umeshiba, sasa unafunga mlango?" Yaliniingia, bana, kwa sababu ni mimi nilimwambia huku kazi inaokotwa kama kuni.

Dada, usitie sahihi. Hati ina jina lako, si lake. Mnunuzi akija, mwambie kaka yako amekataa. Wafula akinuna, anune na mimi. Hiki kiwanda kikinyamaza, hilo shamba ndilo litatulisha sote, na mimi nikiwemo.

Nisalimie mke wangu Nekesa hapo Bungoma, asisikie haya kwa watu, umsomee wewe. Nisalimie pia Baba Simiyu, jirani anayekulimia na trekta.

Nimeishia hapa, mdogo wako asiyekusahau,
Barasa

Halafu, dada, Jumapili ulipopiga kuniuliza mambo ya shamba nikakata, nikakuandikia meseji ati ni network. Network ya huku haipotei. Nilikuwa nimejifungia chooni, nimeuma kofia, nikakata ndio usisikie nikilia.