Swali Nililolificha Siku Kumi na Mbili

Nyumba Na. 9, nyuma ya shule,
S.L.P. 47.
Tarehe 21 Agosti.

Mpendwa binti yangu,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima, wewe na mumeo, na kile kikohozi kimekwisha kukuaga. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huamka nusu saa baada yangu.

Misheni tulifundishwa kuungama kabla ya kuomba. Basi naungama. Ile bahasha ndogo uliyoitia ndani ya barua yangu nimpe baba yako mdogo, sikumpa. Niliifungua, nikakaa nayo siku kumi na mbili. Niwie radhi.

Nilisoma kwamba roboti yenu imetua salama juu ya ule mwezi wa barafu, lakini kila ikichota, barafu hung'ang'ania kijikoni, haiingii tumboni mwake ikapimwa. Bila kipimo hicho hamtajua kama huko kuna chumvi na chakula cha kumtosha hata kiumbe mdogo kuliko vumbi. Roboti imelala hadi tarehe 30, na ikiamka yataka jibu.

Ukamwuliza yeye, fundi friji. Mimi niliyefundisha hesabu miaka thelathini na moja, niliyekushika mkono ukaandika tarakimu yako ya kwanza, uliniuliza habari za magoti.

Niliona wivu. Nilikumbuka ulivyokuwa ukitoka shule, ukanipita mlangoni mbio hadi karakana yake, na kurudi umejaa grisi. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akicheka. Mimi nilisahihisha madaftari na kujifanya sioni.

Nikaazimia kujibu mwenyewe. Nilijaza kurasa nne kushauri kijiko kipashwe moto. Juzi nilikipasha kijiko cha supu, nikakichomeka kwenye barafu ya friji ya mama yako. Kikaganda. Nikakichokonoa kwa bisibisi, nikatoboa bomba, gesi ikatoka yote. Ikanibidi nimwite fundi, na fundi ninayemjua ni mmoja.

Alikitazama kijiko, akanitazama. "Kaka, siku hizi unapikia ndani ya friji?"

Nikampa bahasha yako. Aliisoma amesimama. "Mwambie mota ya mkono wa hiyo roboti inakipasha kijiko chao. Wakiache kivulini kipoe sawa na barafu yenyewe, ndipo wachote. Chenye joto huyeyusha barafu kidogo, ndicho kinachoganda."

Dakika mbili, binti yangu. Hata kuketi hakuketi.

Hayo ndiyo maneno yake, sikuyapunguza. Mwenye duka la fotokopi amekubali kuipiga picha barua hii na kukutumia leo hii, kosa langu lisije likawachelewesha.

Shangazi yako mshonaji anakusalimu sana, na mapacha wake pia. Mkono wa Bwana uwe juu yako, na juu ya mashine yenu huko kwenye baridi.

Kijiko kikichota, mwandikie baba yako mdogo kwanza. Ni haki yake. Kisha niulize mimi jambo lolote, hata kama jibu lake unalijua.

Ndimi akupendaye, niliyekukosea,
Baba