Giaboksi Inayokufa Kila Mwezi

Mjukuu wangu Jelle, huko Masalani,

Amani ya Mungu iwe nawe, ingawa wewe ni mwongo. Anayeniandikia barua hii ni Siham. Nimemkataza kulainisha maneno yangu.

Hapa Garissa tuko salama. Mvua imegoma, na mbuzi wa jirani amekula shela yangu ya Idi. Wewe unatuma habari kwamba huji kunisalimia, giaboksi ya Probox imekufa. Mwezi wa tatu sasa inakufa! Nikamuuliza Mustaf fundi, akacheka: "Ayeyo, gari hilo lingekuwa linakufa hovyo, mimi ningekuwa nimeshahiji mara mbili kwa pesa za kulitengeneza."

Juzi nikaliona gari lako sokoni, limebeba mbuzi tisa na mzee mmoja, wala halikohoi. Nikalizuia kwa bakora. Dereva, mtu nisiyemjua, akasema, "Mama, mimi nimenunua kwa Jelle. Mke wake alipasuliwa tumbo, akauza."

Punda wewe! Unanificha kwa sababu niliuza ngamia wangu ndipo ukapata gari? Ngamia na Probox vina kazi gani, kama si kumwokoa mtu wetu akiumwa? Mkeo Warsan amelala kitandani, na mimi huku nailaani giaboksi!

Dereva nimeshapatana naye. Ijumaa ukisikia honi unayoijua mlangoni, usijifiche. Ni mimi, nimekaa kiti cha mbele, nimempakatia Warsan kopo la samli.

Ayeyo wako, bibi anayekupenda na atakayekuchapa,
Fatumo