Nani Afunge Tamthilia

Jumatatu, 8 Septemba
Tangazo kwa umma: leo mlango wa stoo ya vitabu, hapa shuleni Buswelu, umepata kitasa kipya. Nilipiga makofi peke yangu.

Ndani ya stoo, balaa. Tamthilia yetu ya yule Mwingereza wa kale, ya mfalme mzee na binti zake, tunayo kutoka kwa wachapishaji wawili wa vyuo vikuu. Vitabu havifanani! Kimoja kinampa mkwe wa mfalme maneno ya mwisho, kingine kijana wa kikabaila. Masanja, anayeigiza mkwe, ameyakariri. Imran, anayeigiza kijana, naye ameyakariri. Onyesho Jumamosi.

Jumatano, 10 Septemba
Nimewaandikia wachapishaji. Wa kwanza wamejibu: wasomi wetu wamehakiki. Wa pili: wetu pia. Mwenye tamthilia kaburini.

Mkuu wa shule, Mama Kabula, hatanii. "Mwalimu, mkituaibisha mbele ya wazazi, kilabu cha maigizo nakifunga."

Tangu mke wangu Rosa afariki, kilabu hiki ndicho kinachonitoa kitandani.

Alhamisi, 11 Septemba
Mazoezi. Wamesema wote kwa pamoja, kama mawakala wa basi wanaogombea abiria mmoja wa Magu.

"Subiri, bwana, mimi ndiye mkubwa!" Masanja akasema.

"Mkubwa wa kitabu gani?"

Naogopa.

Ijumaa, 12 Septemba
Baba yake Imran ndiye aliyetupatia nusu ya vitabu. Nikamwita Masanja: mwachie mwenzako. "Sawa, mwalimu." Lakini ule uso! Na mama yake anakuja kutoka Misungwi kumsikia. Nikashindwa. Nikamwita Imran: basi, mwachie Masanja. Akakubali. Masanja alikuwa ameshaondoka. Nitamwambia kesho.

Sijala.

Jumapili, 14 Septemba
Kanisani wamenisifu. Mwalimu, ule ukimya wa mwisho, uliupangaje?

Sikuupanga. Masanja alichelewa kwa kumpokea mama yake, akaingia jukwaani moja kwa moja. Sikumwambia. Mwisho ukafika. Binti wa mfalme amelala sakafuni, amekufa. Masanja akamtazama Imran. Imran akamtazama Masanja. Kila mmoja akimwachia mwenzake, kama nilivyowaagiza. Mimi nyuma ya pazia, kitabu mkono huu, kitabu mkono ule.

Kimya kirefu.

Kisha mama yake Masanja, asiyejua Kiingereza, akapanda jukwaani. Akavua kitenge chake cha begani, akamfunika yule binti. Ukumbi mzima ukasimama, kama msibani. Mama Kabula alikuwa analia.

Kilabu kipo.

Na mimi nilimlilia Rosa, palepale nyuma ya pazia, vitabu vyote viwili mkononi.