Mtaro ulioishia kwa Bibi Agata

Jumanne, Lipangalala

Hata viatu sijavua. Mimi ndiye niliyesema kwenye mkutano wa mtaa kwamba kila anayejenga chochote kipya achangie mtaro wa kupita mbele yake. Wamechangia, umechimbwa, na leo maji yao yote yameingia kwa Bibi Agata, kwa sababu nyumba mpya zimeishia hapo na mtaro nao umeishia hapo, kwenye kiwanja cha mwisho kabla ya mto.

Nimemkuta anahangaika kuinua kitanda juu ya matofali. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwenyekiti. Hivi na mimi nikijenga hata choo kipya, mtaro utaendelea mpaka mtoni?"

Kwa utaratibu wangu mwenyewe, ndiyo. Nikashika upande wa pili wa kitanda, tukainua.

Mvua imeanza tena.